Mwanga Ndani ya Tufe Tupu

Kuhusu ule mwanga wa buluu wa maabara ya Mwalimu Mizoguchi, hakuna mtu katika Fukuoka nzima awezaye kuusimulia kwa usahihi kunishinda mimi. Basi, tuseme hakuna awezaye kuusimulia kwa urefu kunishinda, maana waliokuwa ndani ya chumba wamefunga midomo yao, na mimi, mpika chai wao, nilikuwa nje ya mlango na sinia la vikombe. Kemia niliyosoma shuleni iliishia kwenye maji: yakichemka hutoa mvuke. Mengine yote niliyaokota kwa sikio, na sikio langu la kulia bado zima.

Kuwabara Shiho hakuzaliwa mwoga. Alikuwa mkemia wa miaka thelathini na sita, mwenye mkono mtulivu, aliyeweza kumimina dawa inayolipuka ikionja hewa huku akikuuliza mguu wako unaendeleaje. Kazi ya maabara yao ilikuwa kupika unga wa kutoa mwanga. Unga huo hupakwa juu ya kioo, utando mwembamba ambao ngozi ya kitunguu ukiiweka kando yake ni godoro, kisha ukitiwa umeme unawaka wenyewe. Ndio unaowasha vioo vya simu hizi mnazolala nazo. Unga wa rangi nyekundu ni mtoto mtiifu. Wa kijani hana neno. Buluu ndiye mkorofi wa nyumba: ukimpata anayewaka vizuri anakufa mapema, ukimpata anayedumu anawaka kwa kinyongo.

Miaka minne na nusu Shiho alikuwa akipika buluu moja baada ya nyingine na kuzipa namba. Mkataba wake ulikuwa wa miaka mitano. Machi ikifika, ama Mwalimu Mizoguchi angepeleka jina lake kwa wakuu apewe kiti cha kudumu, ama Shiho angefunga vitabu vyake arudi Karatsu kwa mama yake, kwenye duka la ngisi wakavu, akawe mkemia wa ngisi. Roho yake yote ilikuwa imetundikwa hapo, kwenye kile kiti.

Sasa, tarehe ishirini na nane Desemba ni siku ya usafi mkuu. Siku hiyo hata profesa hufunga taulo kichwani. Bi. Tokunaga, katibu wa maabara, hubandika orodha ukutani: nani madirisha, nani sinki, nani kabati la chupa. Bi. Tokunaga alikuwa na miaka sitini na nne, na alikuwa amekaa pale miaka thelathini na moja, akifua makoti na mataulo ya kazi, akipanga safari za Mwalimu, na kumkumbusha Mwalimu siku ya kuzaliwa ya mkewe. Naye Machi ilikuwa mwisho wake, alikuwa anastaafu. Mwaka huo chumba cha giza alimpa Egashira, mtafiti aliyeingia maabara miaka mitatu baada ya Shiho, na kwa hiyo, kwa desturi, mdogo wake Shiho hata akiota mvi.

Shiho akamwambia Egashira aende akasaidie madirisha, chumba cha giza atakifanya yeye. Haukuwa wema. Alitaka kupima buluu yake namba 212 mara moja ya mwisho kabla mwaka haujafungwa.

Ndani ya chumba kile limekaa tufe. Ukubwa wake ni wa tikiti maji la wastani, ndani jeupe kupita theluji, na ubavuni lina tundu. Unatia unga wako ndani, unaupiga kwa mwale wa mwanga, na lile tufe linakusanya kila mng'ao unaotoka, wa mbele, wa nyuma, hadi wa kwapani, na kuuhesabu. Sheria zake mbili tu. Ya kwanza: ndani hapaguswi, hata kwa pumzi. Ya pili: kila siku, kabla hujapima chochote, unapima tufe tupu, ili ujue lenyewe lina nini, kisha unagonga muhuri wako mdogo mwekundu wenye jina lako kwenye kisanduku cha fomu kuthibitisha kwamba umefanya hivyo.

Kule nje walikuwa wanamwita akale, tambi za kufungia mwaka zinapoa. Akaharakisha. Kifuniko cha kichupa kikateleza, na unga wa 212, ambao usipomulikwa ni wa njano hafifu tu, kiasi cha ncha ya kijiko, ukamwagika ndani ya tufe.

Lipo daftari pale linaloitwa Kitabu cha Nusura. Ukimwaga, ukivunja, ukikaribia kuungua, unaandika. Hakuna anayekuadhibu kwa kuandika. Adhabu ni kwamba Jumatatu asubuhi Mwalimu anayasoma uliyoandika mbele ya wote, taratibu, kwa sauti yake ya upole, nawe unainama na kusema umejifunza. Hilo Shiho angelivumilia. Ambalo asingelivumilia ni la pili: tufe lingepelekwa kiwandani kupakwa upya, miezi mitatu, na Machi ingekuja ikapita bila yeye kupima kitu.

Shingoni alikuwa na taulo la usafi, kama kila mtu siku ile. Akalikunja, akapenyeza mkono, akafuta. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akachungulia. Jeupe. Akafunga, akaenda kula tambi, na waliokuwa naye mezani wakasema walimwona akirudia bakuli la pili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kumbe hofu nayo ina njaa.

Januari alipopima 212, mashine ikamwambia kwamba kwa kila punje mia za mwanga zilizoingia, tisini na mbili zilitoka zikiwa buluu. Buluu nzito, safi, ambayo maabara ile haikuwahi kuiona. Siku hiyo hakupima tufe tupu. Alitumia kipimo cha tufe tupu cha Desemba, cha kabla ya usafi, akajiambia kitu kitupu ni kitupu tu, kingebadilika vipi. Muhuri akagonga. Mwalimu Mizoguchi aliposoma ile tisini na mbili alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena, kisha akatoka kwenda kutembea kwenye ua bila koti, na baridi ile. Aliporudi akasema jina la Kuwabara litakwenda kwa wakuu wiki ijayo.

Wiki nzima Shiho alikuwa na furaha, furaha ya mtu anayetembea bila kutazama chini. Aliwaambia watu kwamba ameota mbawa. Aliwaambia kwa utani, lakini alisimama wima zaidi.

Jumanne moja mwishoni mwa Januari, kabla ya chakula cha mchana, aliingia chumba cha giza peke yake na, sijui ni dhamiri au ni mazoea ya mikono, akapima tufe tupu. Hakuna kichupa ndani. Hakuna unga. Akaruhusu mwale. Mstari kwenye kioo cha mashine ukapanda, kikainuka kilima cha buluu, pale pale kilipokuwa kikiinuka kila siku.

Akadhani ameacha kitu ndani. Akachungulia kwenye tundu. Tupu. Akapima tena, kilima kikainuka tena. Akazima taa zote, akafungua mwale, akaweka jicho lake tunduni, na kule ndani, mahali pasipo na kitu, palikuwa na mwanga wa buluu umekaa kimya unamtazama.

Wapo wanaoogopa mizuka. Mzuka una heri, maana unaweza kusema haupo. Shiho alijua kabisa kilichokuwa kikimtazama: ni ule unga wake aliousugua ukutani badala ya kuuondoa, umechanganyika na dawa ya weupe iliyomo kwenye sabuni ya kufulia mataulo, ile inayofanya mashuka yang'ae juani. Kila kilichopimwa tangu mwaka mpya kilikuwa kimekopeshwa mwanga na kuta za tufe. Akakaa chini sakafuni. Jina lake lilikuwa limekwisha kwenda kwa wakuu.

Alichofanya ni kufuta kile kipimo kwenye mashine. Kisha akatoka, akala chakula chake cha mchana, wali na samaki, asijue kama ni samaki au soksi.

Tangu hapo hofu ikahamia kwake kama mpangaji. Simu ikilia mwili unamruka. Mwalimu akisema, “Kuwabara, njoo kidogo,” anaanza kutunga maungamo, kumbe anataka kuazima kalamu. Alianza kufika wa kwanza asubuhi ili mtu mwingine asilifungue tufe kabla yake, na kila fomu iliyopita mikononi mwake alipima kwa kile kitupu cha Desemba na kugonga muhuri, tap, na kila tap ilikuwa msumari mwingine. Mara mbili alikifungua Kitabu cha Nusura na kuandika tarehe. Mara mbili akaichana karatasi, akaitia mfukoni, akaenda nayo nyumbani, akaogopa hata pipa la taka la nyumbani.

Katikati ya Februari ikaja barua kutoka kwa wenzao wa maabara ya Sendai, waliopelekewa kichupa cha 212 wajaribu kwa tufe lao. Wao walipata sitini na moja. Mwalimu aliisoma barua hiyo wakati wa chai, watu wote wakiwa wameketi, akacheka kwa pua. Alisema Sendai ni marafiki zake wa zamani lakini tufe lao ni zee kuliko yeye, na kwamba yeye anamwamini Kuwabara. Shiho akainamisha kichwa kushukuru, na kikombe kikagonga meno yake.

Hata hivyo, akaendelea Mwalimu, ni adabu kuwajibu vizuri. Kesho saa nne asubuhi wote wakusanyike chumba cha giza. Watapima upya mbele ya macho ya kila mtu, kuanzia tufe tupu, kisha atawapelekea Sendai picha ya fomu ikiwa na mihuri ya wote wanne.

Jioni, watu walipokuwa wanavaa viatu vyao mlangoni, Shiho alibaki jikoni akiosha kikombe kimoja kwa dakika kumi. Bi. Tokunaga akaja na kapu la makoti ya kufua.

“Hicho kikombe kimekukosea nini?” akauliza. “Kitatoboka.”

Shiho akajaribu kutabasamu, lakini uso haukumtii.

“Umekonda, mwanangu. Nilidhani ni mapenzi, nikafurahi. Nikamwambia mume wangu, Kuwabara kapata mtu. Akaniuliza, wa kemia au wa kawaida? Nikasema hata wa ngisi tutapokea.”

Shiho akasema ni uchovu tu. Bi. Tokunaga akaweka kapu chini, akaanza kukagua mifuko ya makoti, kalamu huku, leso huku, kwa taratibu zake.

“Uchovu,” akasema. “Ndiyo. Desemba pia ulichoka. Taulo lako la usafi lilinijia na unga wa njano. Nililifua mara mbili likagoma. Nikaliweka chini ya ile taa yenu ya urujuani ya kuamshia unga, kwa udaku wangu tu, likawaka kama hekalu siku ya sikukuu.”

Maji yalikuwa yanatiririka na Shiho hakukumbuka jinsi ya kuyafunga.

“Nililitupa,” akasema Bi. Tokunaga. “Taulo la kupewa bure na wauza chupa, nani atalililia?” Akainua kapu lake, akamwambia ale kitu chenye mafuta, akaondoka zake.

Hayo mtu mwingine angeyasikia kama huruma. Shiho aliyasikia kama chuma cha mlango wa jela. Yupo anayejua. Amejua muda wote huu, akamwangalia akigonga mihuri, akamletea chai. Kwa nini anasema leo, siku moja kabla? Anataka nini? Alirudi nyumbani kwa miguu, vituo vinne vya treni, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye kiti na watu wakamtazama. Alitunga maneno ya kumwambia Mwalimu, akayasahihisha, akayafupisha, na kila alipoyafikisha mwisho alimwona Mwalimu akivua miwani na kuifuta. Akatunga maneno mengine, ya kukana. Haya yalikuja kwa urahisi zaidi, na urahisi wake ndio uliomtisha.

Saa nne kasorobo asubuhi miti ya plamu uani ilikuwa imeanza kuchanua na hakuna aliyeitazama. Chumba cha giza ni kidogo, watu wanne wakiingia wanapeana pumzi. Mwalimu Mizoguchi alisimama karibu na tufe, koti limefungwa vifungo vyote. Egashira kwenye mashine. Bi. Tokunaga mlangoni, kalamu mkononi, kuandika fomu. Shiho alisimama kati, mikono nyuma, mmoja ukiwa umeshika mwingine usitoroke.

Egashira akaruhusu mwale ndani ya tufe tupu.

Kilima cha buluu kikainuka.

Mwalimu akamwomba Egashira arudie, akarudia, kilima kikarudi. Mwalimu akauliza kama kuna kichupa kilichosahaulika. Hakikuwepo. Akaomba taa ya urujuani, ile ya mkononi, akazima taa za chumba, akaelekeza mwanga tunduni na kuinama kutazama. Alikaa hivyo muda mrefu, mgongo umepinda, na Shiho akahesabu pumzi zake mwenyewe mpaka ishirini na tatu.

“Njooni mwone,” akasema Mwalimu, bila hasira yoyote.

Wakaona mmoja mmoja. Kwenye ukuta mweupe wa tufe palikuwa na michirizi minne ya buluu, imepinda pamoja, kama ya mtu aliyechota asali kwenye mtungi kwa vidole. Shiho alipofika zamu yake alitazama vidole vyake vikiwaka mle ndani, akaogopa kwamba akiinua uso wataona vile vile machoni pake. Alipoinuka alijigonga na ukingo wa meza na hakusikia maumivu.

Mwalimu akawasha taa. Akasema mtu amefuta ndani kwa kitambaa. Hakuuliza nani. Aliuliza lini, na kujibu mwenyewe: vipimo vya kabla ya mwaka mpya vilikuwa vya kawaida, kwa hiyo ni siku ya usafi. Kisha akatoka hadi ukutani ilipokuwa bado imebandikwa ile orodha, akarudi nayo mkononi.

“Egashira,” akasema. “Chumba cha giza kilikuwa chako.”

Egashira akafungua mdomo. Shiho alimwona akikumbuka. Aliona wazi kabisa neno lilipofika ulimini, kwamba Dada Kuwabara alinituma madirishani, na akamwona akilimeza, kwa sababu mdogo hamtaji mkubwa wake mbele ya mwalimu. Masikio yake yakawa mekundu. Akaanza kuinama, polepole, kuinama kule kwa mtu anayekwenda kuomba radhi kwa kitu asichokijua.

Sema, Shiho akajiambia. Sema sasa, kabla mgongo wake haujafika chini. Lakini ulimi ulikuwa umelala kinywani kama kitu cha mtu mwingine. Akawaza kiti. Akawaza harufu ya ngisi. Akawaza mihuri, mihuri ya wiki sita, kila mmoja na jina lake jekundu, na kwamba kumwaga ni ajali lakini muhuri si ajali. Mgongo wa Egashira ukazidi kushuka.

“Mwache kijana,” akasema Bi. Tokunaga. “Ni mimi.”

Wote wakageuka.

“Siku ile nilipita kuokota mataulo,” akaendelea, akikunja fomu kama mtu anayeongea habari za mvua. “Nikaona tundu liko wazi, nikaona vumbi. Mtu wa kufuta akiona vumbi atafanyaje? Nikafuta. Miaka thelathini na moja mmenikataza, na miaka thelathini na moja mkono ulikuwa unaniwasha. Machi naondoka, Mwalimu. Nikate posho, au ninyime hotuba ya kuagwa. Ila maua ya kuagwa msininyime, yale ya waridi.”

Egashira akabaki nusu ameinama, hajui kama amalizie au arudi. Shiho alihisi kitu kikimfunguka kifuani, pumzi ya kwanza nzima tangu Januari, na mara ile ile akaona aibu ya pumzi hiyo, maana ilikuwa tamu. Inatosha kunyamaza tu. Bibi anaondoka, hana cha kupoteza, tufe litapakwa upya, sitini na moja nayo si mbaya, watu watasema ni makosa ya usafi. Akanyamaza. Nakwambieni alinyamaza, na mimi kwa upande wangu pale nje sinia lilinicheza.

Mwalimu Mizoguchi alimtazama katibu wake kwa muda. Watu hawa wawili walikuwa wamejuana tangu wote wana nywele nyeusi. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa.

“Bi. Tokunaga,” akasema, “nionyeshe ulivyofuta. Nataka kujua kitambaa kilifika wapi, nikawaeleze wa kiwandani.”

“Sasa hivi?”

“Limeshaharibika. Huwezi kuliharibu tena.”

Bi. Tokunaga akaweka kalamu sikioni. Akakunja mkono wa koti. Akasogea kwenye tufe kwa madaha, kama anakwenda kuchagua tikiti sokoni, akaunganisha vidole, akavipenyeza tunduni. Vidole vikaingia. Vifundo vikagoma. Akageuza kiganja, akabana kidole gumba, akasukuma. Vile vifundo vyake vya miaka thelathini na moja ya kukamua nguo kwa maji ya baridi vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na tundu ni la mdomo wa kikombe cha chai. Akasukuma tena mpaka uso ukabadilika rangi. Mkono haukwenda mbele hata upana wa ukucha.

Shiho aliutazama ule mkono. Hakuna aliyemtazama yeye, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangemtazama. Egashira alikuwa anaangalia viatu vyake, mwalimu anaangalia tundu, na wote wawili walikuwa wanangoja kwa adabu, kama watu wanavyongoja mtu amalize kukohoa. Hofu yake ikapanda mpaka mahali ambapo haikuwa na pa kupanda tena, na pale juu akasikia sauti ikisema, ndogo, kavu, na ilikuwa yake.

“Toa mkono, Mama. Utajiumiza.”

Alikuwa amekwisha vua glavu zake za maabara. Mkono wake ulikuwa mwembamba, mweupe, na akaunyoosha kuelekea kwenye tufe.

Bi. Tokunaga hakumtazama. Aliubakiza mkono wake pale pale tunduni, akauziba mlango kwa ukaidi wote wa miaka yake.

“Nimenenepa tu, Mwalimu,” akasema haraka. “Desemba uliingia vizuri. Ni hizi keki za mchele za mwaka mpya, nilikula kumi na moja.”

Mwalimu Mizoguchi akainama, akakitazama kile kiganja kilichokwama, kifundo kwa kifundo.

“Na mifupa?” akauliza. “Mifupa nayo ilikula?”

Bi. Tokunaga akafungua kinywa. Tukangoja, wa ndani na wa nje ya mlango. Kisha akakifunga, akautoa mkono tunduni na kumpisha Shiho.